Michezo Elfu Tatu na Kabati Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshanunua. Mashine ya gemu, mpya kabisa, ina michezo elfu tatu na mia mbili ndani yake, na idadi hiyo imeandikwa kwenye boksi kwa maandishi ya dhahabu ili hata asiyependa kusoma aione. Elfu tatu na mia mbili, mdogo wangu. Siku wifi yetu atakapoyasoma maandishi hayo, nataka niwe nimekaa mkabala na uso wake.

Haya, sasa salamu. Hamjambo wewe na wanao mapacha? Masikio yanaendeleaje? Ndiyo maana naandika, maana simu na wewe ni kupigiana kelele mpaka majirani wote wajue siri zetu. Mimi mzima, ila mikono imekauka kwa sabuni. Wiki hii nimepokea mashuka ya ile nyumba ya wageni ya barabara kuu, mia moja na arobaini, na usiniulize nilichokikuta humo. Watu wanapendeza barabarani, wananukia, wanatembea kama wameumbwa jana, lakini sisi madobi ndio tunaoona walikolala.

Sasa nikueleze. Ulikosa kile kikao cha familia kwa kaka, na heri ulikikosa. Wifi alimwita mwanawe awashe mashine yake, akatuonyesha michezo mia nne, mmoja baada ya mwingine, kama muuza vitambaa anayekunjua jora. Kisha akamgeukia kijana wangu mbele ya watu wote. "Na wewe, mwanangu, unayo mingapi?" Kijana wangu unavyomjua, uongo haujui hata kwa dawa. Akajibu, "Mmoja." Wakacheka. Wifi akasema kwa ile sauti yake ya kubana pua kwamba kuwa na mchezo mmoja ni sawa na kuwa na nguo moja, kuivaa na kuifua, kuifua na kuivaa. Ananiambia mimi hayo, dobi.

Na wanamcheka nani? Mtoto ambaye mwalimu wake wa kuchonga funguo anasema kwa miaka kumi na minane hajapata mkono kama ule. Anautazama ufunguo mara moja, anakuchongea mwenzake, unaingia kwenye kitasa bila kusukumwa. Ana miaka ishirini na moja na mwezi ujao anafungua kibanda chake mwenyewe. Mwana wa wifi amefungua nini? Friji.

Lakini huo mchezo wake, kwa kweli, ungeuona ungenionea huruma. Wapagazi wawili wanabeba kabati. Basi, ndiyo hadithi yote. Wanalipandisha ngazi, wanaliteremsha, wanalivusha daraja, likianguka wanaanza upya. Hawasemi neno. Wana filimbi tu, moja maana yake simama, mbili twende. Kila Jumamosi saa kumi alasiri mimi niko kwenye pasi nasikia fii-fii, fii-fii, miaka saba sasa, na kabati halijafika. Hucheza na mtu mwingine aliye mbali huko kwenye mtandao. Nikimuuliza ni nani, ananijibu, "Ni mpagazi mwenzangu, mama."

Na unajua ile mashine ilikotoka. Yule mtu aliiacha alipoondoka, ndicho kitu pekee alichoacha ukiondoa lile shati. Shati lenyewe unalikumbuka. Aliniletea kwa mkono wake nilifue, na rangi ya mdomo ya mwanamke imekaa kwenye kola, hata kulificha hakuona haja, kwa kuwa kazi ya dobi ni kufua. Kila nilipoipangusa vumbi ile mashine nilihisi nashika kitu kilichotoka mfereji wa maji machafu.

Basi nakutumia wewe, kwa ajili ya mapacha, na mchezo wake wote wa kabati. Usiogope uchafu. Siwezi kumtumia mtu kitu kabla sijakifua, unanijua. Niliifungua kwa bisibisi, na humo ndani, mdogo wangu, kulikuwa na nywele, mafuta ya vidole ya miaka saba, na mayai ya mende yamejipanga kama vifungo vya shati. Nilitapika kidogo. Kisha nikaisugua kwa ile brashi ya kola, sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, nikaisuuza mara mbili, nikaianika juani siku nzima. Sasa inang'aa kama kijiko cha harusi. Kwenye waya nimefunga uzi wangu mwekundu, ile alama ninayofunga kila nguo ninayoipokea ili irudi kwa mwenyewe, isije ikapotea ofisi ya mabasi.

Kijana wangu bado hajui. Anarudi kazini jioni hii na boksi la dhahabu liko juu ya kitanda chake. Siku ya kufungua kibanda nitawaita wote, na mashine itakuwa sebuleni, imewashwa.

Dada yako,
Mama wa fundi


Jumatatu, 10 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Mzigo umefika, uzi mwekundu ukiwa palepale. Mapacha walirukaruka. Bado hatujaiwasha sawasawa, nina nguo za shule za kushona na cherehani hainiachi ninyanyue kichwa, lakini tutaiwasha.

Hongera kwa michezo elfu tatu. Wasichana wangu wangeipenda hiyo, maana hawa hawakai na kitu. Wanaonja huu dakika tano, wanaonja ule dakika tano, wakifika mwisho wanataka kuanza tena mwanzo. Wapo watu wa namna hiyo na si kosa lao.

Ila nikuulize kitu, dada. Kijana mwenyewe ulimwuliza kabla ya kuitoa?

Mdogo wako


Jumanne, 11 Machi

Mama mdogo, shikamoo.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Naomba mashine yangu isichezewe mpaka nije kuichukua, na wadogo zangu nitawaletea kitu kingine, hata nikiwachongea kila mmoja kufuli lake.

Unakumbuka siku baba alipoondoka. Mama aliniapisha mbele yako, nimesimama kando ya beseni la nguo, nina miaka kumi na minne. Nisimpigie simu, nisiende kwake, nisimwandikie hata mstari. Niliapa, na sijavunja hata kimoja. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma linalofuata.

Baba alikuwa amenunua mashine mbili zinazofanana, na mchezo uleule mmoja kwa kila mashine. Moja alikwenda nayo. Yule mpagazi mwingine ni yeye.

Hatujawahi kusema neno. Mchezo wenyewe hauna maneno, una filimbi tu, na ndiyo maana najua sikuvunja kiapo. Kila Jumamosi saa kumi anakuwa ameshafika, amesimama kando ya kabati ananisubiri. Akiwa na mafua najua, filimbi yake inachelewa. Akiwa amechoka na kazi anagonga kingo za milango. Nilipoanza kujifunza funguo sikuwa na njia ya kumwambia, basi nikaliweka kabati chini katikati ya ngazi nikapiga filimbi nyingi mfululizo. Naye akapiga nyingi vilevile. Hakujua tunashangilia nini, lakini alishangilia.

Mama amenunua hii mpya kwa jasho lake na sitaki ajue kwamba siitaki. Kila siku ananiuliza nimefika mchezo wa ngapi. Nimeyapitia majina yote elfu tatu na mia mbili nikilitafuta kabati. Halipo. Na hata lingekuwepo, mtu ninayelibeba naye hayumo humo. Wenzangu kazini wananiona mjinga, wanasema wangepewa mashine kama hiyo wasingelala. Labda kwao ni kweli. Mimi nina alasiri moja kwa wiki na nilikuwa na mahali pa kwenda nayo.

Jumamosi iliyopita saa kumi sikuwepo. Ni mara ya kwanza. Nafikiri alisubiri.

Mwanao,
Fundi ufunguo


Jumatatu, 17 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nimejifungia chooni ili mapacha wasinione.

Sasa nikuambie na mimi langu, na usimchukie mama yako. Mashine haiwaki. Nilipoishusha mezani na kuiinamisha, maji yalimwagika kwenye kitambaa cha mteja, na yalinukia sabuni. Aliifua, mwanangu. Aliisugua kwa brashi kama suruali ya fundi gereji. Nimeipeleka kwa jirani yetu anayetengeneza redio, akaifungua, akaniandikia kwenye karatasi kwamba vyuma vyake vya ndani vimeshaota kutu na hakuna anayeweza kuvirudisha. Diski ya mchezo ni nzima, lakini haiingii kwenye mashine nyingine yoyote isipokuwa ya aina ileile, na aina hiyo haiuzwi tena popote. Iliyobaki, kama nimeelewa, ni ya baba yako.

Niruhusu nimwambie mama yako. Au mwambie wewe ukipenda. Lakini aambiwe.

Mama yako mdogo


Jumatatu, 24 Machi

Wameniibia. Mdogo wangu, si elfu tatu na mia mbili. Ni mia mbili na tisa.

Salamu baadaye, acha kwanza niteme haya. Unajua sijawahi kupokea mzigo bila kuuhesabu mbele ya mwenyewe. Shuka moja, mbili, tatu, naandika daftarini, tunatia sahihi. Basi nikajiambia, mbona hili boksi nimelipokea kwa kuyaamini maandishi ya dhahabu? Nikakaa na daftari siku nne mfululizo baada ya kazi, nafungua mchezo mmoja mmoja. Ule wa mpira umerudiwa mara sitini na moja, wanabadilisha rangi ya fulana tu. Gari ni lilelile, leo jekundu, kesho kijani, na jina jipya kila mara. Mia saba na kitu haifunguki, inaonyesha giza na kurudi. Na mmoja nilipoufungua nikakuta watu hawana nguo hata ya kufutia jasho, mimi mama wa watu nimekaa na kalamu mkononi. Nilizima nikaenda kunawa.

Nikabeba boksi mpaka dukani. Yule muuzaji, kijana wa nywele za kupaka mafuta, akanisikiliza huku anachokonoa meno. Akasema, "Mama, hiyo namba ni ya boksi. Nani anahesabu?" Nikamwambia, "Mimi." Akacheka na kipande cha nyama kikiwa bado kwenye jino. Nilimwangalia nikaona mashuka yake bila kuyaona, ukinielewa.

Wifi alipita Alhamisi. Sikumwambia habari ya mia mbili na tisa, nilimwacha asome dhahabu. Uso ulivimba vizuri tu. Lakini hata hapo alinitia kichefuchefu, kwa sababu katika kujitetea likamponyoka kwamba mwanawe katika ile mia nne anacheza mpira peke yake, kila siku ya Mungu, na hiyo mingine hajaigusa. Yaani mchezo mmoja. Mwana wa wifi ana mchezo mmoja kama wangu, na nguo zake mia tatu na tisini na tisa zimening'inia kabatini zinaliwa na nondo. Na mimi nilijitoa jasho kwa aibu ya hiyo.

Lakini anayeniudhi kuliko wote ni huyu wangu. Alisema asante mama, akalikunja boksi vizuri, akaliweka. Hachezi. Jumamosi ya kwanza alitoka akarudi magharibi. Ya pili na ya tatu alikaa ukingoni mwa kitanda saa kumi, mikono imelala magotini kama ya mtu anayengoja kupimwa damu. Nikimuuliza ananiambia, "Ni nzuri mama, nitaicheza." Nimeona wateja wengi wanaosema nguo imetoka safi huku wakitafuta doa, sauti hiyo naijua. Juzi nikashindwa kujizuia, nikamwambia asiyejua kushukuru amefanana na baba yake. Alichukua bakuli lake akaliosha, akaenda kulala jua likiwa bado dirishani.

Na mimi Jumamosi hiyo nimeunguza shati la mteja. La kwanza kwa miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimeiacha pasi juu ya mgongo wake. Nafikiri nilikuwa nangoja ile filimbi ndipo nigeuze.

Wasalimie mapacha. Mashine yao inafanyaje kazi? Hukunijibu.

Dada yako,
Mama wa fundi


Jumapili, 30 Machi

Shemeji,

Najua huna sababu ya kufungua barua yangu. Nimeiandika fupi ili isikuchoshe.

Sina namna ya kuuliza nyumbani. Niliambiwa nisipige simu na nisifike, na nimekaa hivyo miaka saba. Lakini kulikuwa na jambo moja kati yangu na kijana, kila Jumamosi, na tangu mwanzo wa mwezi halipo tena. Jumamosi nne nimesimama peke yangu kando ya lile kabati. Mpagazi mmoja halinyanyui. Nimejaribu.

Sidai kitu. Kama ameamua hanitaki, ana haki, ni mkubwa sasa. Kama anaumwa, niambie anaumwa nini. Kama mkono wake umepatwa na jambo, kwa kuwa naujua mkono wake, niambie hilo kwanza.

Mapacha hawajambo? Walikuwa wanatambaa nilipowaona mwisho.

Seremala


Alhamisi, 3 Aprili

Dada, shikamoo, na kaa chini kabla hujaendelea.

Nilikudanganya. Nilikuambia hatujaiwasha sawasawa. Ukweli ni kwamba ile mashine ilikuwa imekufa tangu ilipofika, na iliyoiua ni brashi yako na maji yako. Vitu vya umeme havifuliwi, dada. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka uone haya, na kwa sababu kijana wako aliniomba ninyamaze. Sasa sinyamazi tena, hata kama nyote mtaninunia.

Nakuwekea humu barua mbili. Moja kijana wako aliniandikia, nyingine ni ya yule mtu. Anza na ya mtoto. Usianze na nyingine, nakujua.

Ukishasoma utaelewa kwa nini boksi lako halifunguliwi. Ungemnunulia michezo elfu kumi, na yote ikawa ya kweli, ingekuwa vilevile. Wangu mimi ungewapa hiyo mashine leo wangekubusu miguu. Wako alitaka mahali pamoja ambapo mtu fulani anamngoja.

Nimeirudisha mashine kwa basi la leo pamoja na diski yake. Imekufa, lakini ina uzi wako mwekundu, na ni wewe uliyenifundisha kwamba chenye uzi lazima kirudi.

Mdogo wako


Jumatatu, 7 Aprili

Nilianza na ile nyingine. Niliishika kwa vidole viwili, kama soksi ya maiti.

Ulijua, ukanyamaza. Mtoto alijua, akanyamaza. Mende walijua. Miaka saba yule mtu ameingia nyumbani kwangu kila Jumamosi saa kumi bila kuvua viatu, na mimi niko chumba cha pili nanyoosha makola ya watu, nafuata filimbi yake kama punda. Kumbe nilikuwa napiga pasi kwa amri yake. Nimekwenda kunawa mikono mara mbili tangu nianze barua hii.

Na unajua kinachonichefua zaidi? Nimetafuta mahali mtoto alipovunja kiapo nimepakosa. Nilihesabu kama ninavyohesabu mashuka. Simu, hakuna. Kwenda, hakuna. Mstari, hakuna. Kila nilichomkabidhi amekirudisha kikiwa kizima. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kitu chake nikakirudisha kimeoza. Mimi, dobi wa mtaa mzima, niliyesifiwa kwa kutopoteza hata leso.

Na nikamwambia amefanana na baba yake kama tusi.

Usiniandikie kwanza. Nikitaka kuongea na mtu nitaongea na pasi.

Dada yako


Jumatatu, 14 Aprili

Wewe,

Mashine ya mtoto imekufa na mimi ndiye niliyeiua. Niliifua. Naanza na hilo ili usikae huko karakanani kwako ukajifikiria kwamba mtoto alikuchoka. Hakukuchoka. Haumwi, na mkono wake mzima. Hukumwona kwa sababu nilimnyang'anya mashine yake nikampa makopo elfu tatu matupu, kwa kiburi changu, na kwa kuwa ilikuwa inanukia wewe.

Salamu sikupi. Nikikuuliza hali nitakuwa naongopa.

Sijakusamehe shati lile, na usije ukaisoma barua hii kama msamaha. Bado nikipita penye harufu ya gundi ya mbao nabadilisha njia. Kama ningeweza kumrudishia mtoto lake bila kukuona uso, ningefanya hivyo kwa furaha. Nimetembea maduka yote, nimepanda mpaka kwa wale wauza vitu vilivyotumika, nikilala na kuamka nauliza mashine ya aina ile. Haipo. Iliyobaki ni yako. Kwa hiyo huwezi kuniambia sikujaribu.

Jumamosi iliyopita, saa kumi, nilizima pasi nikaingia chumbani kwa mtoto. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia kila kitu, kwamba nimesoma barua yake, kwamba niliifua, kwamba ile kauli ya kumfananisha na wewe naiondoa, au naiacha ibaki, achague mwenyewe ipi inamfaa. Hakulia, na mimi sikulia, sisi si watu wa hivyo. Nikamwomba anionyeshe huo mchezo unavyokwenda. Mashine hakuna, basi tukatumia meza yangu ya pasi. Yeye akashika huku, mimi kule, tukatoka nayo mpaka kwenye ngazi, zile ngazi zetu kumi na saba, na jirani wa chini akafungua mlango akidhani tunahama. Kijana akapiga filimbi kwa mdomo, mara mbili. Tulishuka tatu nikamwambia asimame, mgongo unakatika. Akacheka, akaniambia, "Mama, umechukua upande wa chini. Uzito wote unashukia huko. Huo baba hunikataza kwa filimbi. Miaka yote upande wa chini anachukua yeye."

Nilikaa palepale kwenye ngazi, meza ikiwa kifuani.

Katika nyumba yangu hukuwahi kunyanyua hata ndoo ya maji. Nilipandisha mafurushi ya mashuka ngazi hizo nikiwa na mimba yake, wewe umekaa unapiga msasa miguu ya viti vya watu. Na kumbe ulikuwa unajua upande wa chini uko wapi. Nilikuchukia vizuri kuliko nilivyokuchukia mwaka ule. Lakini mtoto alikuwa amesimama ngazi tatu juu yangu, ameshika upande wake, anatabasamu kama sijamwona akitabasamu tangu Februari, na mimi sikuwa na filimbi ya kumpa.

Sasa sikiliza, na usiongeze lako. Kijana amemaliza mafunzo. Mwalimu wake anasema hajapata mwanafunzi kama yeye kwa miaka kumi na minane, na namba hiyo nimeihakikisha kwa mwenyewe. Ana kibanda chake kwenye kona ya soko, mlango wa bluu, jina lake juu. Kabati la kuwekea funguo ghafi, zile ambazo hazijachongwa, limetengenezwa, lakini fundi, mpumbavu yule, amelileta huku juu kwetu badala ya kulishusha sokoni. Ni zito, la mbao ngumu. Nilitaka kukodi wapagazi, kijana akakataa. Hakusema kwa nini. Sikumuuliza.

Utakuja ulibebe naye. Upande wa chini ni wako, na ngazi ni kumi na saba, zihesabu. Mashine yako uje nayo. Itakaa sebuleni kwangu siku hiyo, na mkishafikisha kabati la kweli mtakaa mcheze lile lenu, kwa televisheni moja, rimoti mbili. Nitaifunga uzi mwekundu kwenye waya. Hiyo maana yake itarudi kwako, sitaiiba, wala sitaigusa kwa maji. Kama mtoto atataka uje nayo tena Jumamosi nyingine, atakuambia kwa mdomo wake. Kiapo nimekifungua.

Ile ya dhahabu nimempa mdogo wangu kwa ajili ya mapacha. Nimewaandikia kabisa kwamba ni mia mbili na tisa, na nimeufuta ule wa watu wasio na nguo. Wameshanijibu kwamba wameonja arobaini kwa jioni moja na wanaipenda yote.

Utakutana na watu wote wanaokujua kwa ubaya, na sitawanyamazisha. Kaka atakuwepo. Wifi atakuwepo, na atakuuliza mashine yako ina michezo mingapi. Mwambie mmoja. Nataka nimwone uso. Mdogo wangu na mapacha wanapanda basi la asubuhi. Mwalimu wa funguo atakata utepe.

Viatu uvue mlangoni. Na uje na shati safi, ulilolifua mwenyewe, kola nitaikagua.

Ni Jumamosi, tarehe ishirini na sita Aprili, saa nane mchana, ili mpaka saa kumi kabati liwe limeshafika.

Mama wa fundi